Si kila mtukutu ana ADHD, na wapo wenye ADHD waliotulia tuli

Siku hizi ADHD (kifupi cha Kiingereza cha hali ya upungufu wa umakini na utukutu) haikosekani kwenye maongezi. Mtu akisahau funguo anacheka na kusema, "Hii ADHD yangu itaniua." Mtoto akishindwa kukaa kitini wakati wageni wapo, shangazi anaagiza apelekwe kwa daktari. Upande wa pili wapo walioapa kwamba hakuna kitu kama hicho, ni malezi mabovu yaliyotafutiwa jina la kitaalamu. Kambi hizi mbili zinarushiana maneno kila siku mitandaoni, huku wenye tatizo lenyewe wakibaki katikati, hawajui wamwamini nani.

Mitandao imechangia sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili la Kanada ulizipitia video 100 za TikTok kuhusu ADHD zilizotazamwa sana, ukakuta 52 kati yake zina maelezo ya kupotosha. Nyingi zilikuwa zinachukua jambo linalomtokea kila mtu, kama kuahirisha kazi au kupotewa na wazo katikati ya sentensi, na kulifanya kuwa dalili. Ukizitazama kumi mfululizo utatoka umejipima mwenyewe na jibu umeshalipata.

Tuanze na msingi. ADHD ni hali ya ukuaji wa ubongo inayompa mtu shida, kuliko wenzake wa umri ule ule, katika mambo matatu: kuelekeza umakini, kutuliza mwili, na kujizuia kabla ya kusema au kutenda. Huanza utotoni. Haihusiani na kuwa na akili nyingi au chache, na si wendawazimu. Wengine wana shida ya umakini peke yake, wengine ya utukutu na pupa, na wengine wamebeba vyote. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu asilimia 5 ya watoto wanayo, yaani kama wawili katika darasa la watoto arobaini, na kwa watu wazima ni karibu nusu ya kiwango hicho.

Nini hasa hakiendi sawa? Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopanga: kipi kianze, kipi kisubiri, kipi kiachwe kabisa, na muda uliobaki ni kiasi gani. Fikiria nyumba inayojengwa. Mafundi wapo, tena hodari. Matofali yapo, saruji ipo. Kasoro ni nyapara, ambaye hafiki kwa wakati. Basi mmoja anapaka rangi ukuta usiopigwa plasta, mwingine anachanganya zege ambalo hakuna aliyeliagiza, wa tatu ameacha mlango nusu akaenda kusaidia kwenye paa. Wote wanatoka jasho. Jioni jengo liko pale pale, na mpita njia anasema mafundi wa hapa ni wavivu.

Huyo nyapara hutegemea kemikali za ubongo zinazopeleka ujumbe kutoka seli hadi seli, hasa dopamini na noradrenalini, na kwa mwenye ADHD mfumo wake hufanya kazi tofauti. Vilevile hukua taratibu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliopiga picha za ubongo wa watoto walionyesha kwamba gamba la nje la ubongo lilifikia unene wake wa juu kwenye umri wa karibu miaka 7 na nusu kwa watoto wasio na ADHD, na karibu miaka 10 na nusu kwa wenye nayo. Ukuaji ulifuata mpangilio ule ule, ila ulichelewa kama miaka mitatu. Mzazi anayemdai mtoto wa miaka 10 utulivu wa miaka 10 huenda anamdai kitu ambacho bado kinajengwa.

Hapa ndipo inapoingia hoja inayowaumiza wengi: "Mbona kwenye gemu anakaa saa tatu bila kubanduka?" Ni kweli anakaa. Nyapara huyu huja mbio pakiwa na jambo jipya, la kusisimua, au pakiwaka moto. Gemu hulipa papo kwa papo: sekunde chache pointi, sekunde chache mlio, hatua mpya. Zoezi la hesabu hulipa mwisho wa muhula. Umakini upo; usukani wake ndio haushikiki. Ndiyo maana mtu mzima mwenye ADHD anaweza kuikalia ripoti wiki tatu nzima, akiwaza kila siku kwamba leo ataianza, halafu akaimaliza yote usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na ikawa nzuri. Bosi anamwambia, "Unaona? Ukitaka unaweza." Hakuna sifa inayokera kama hiyo, maana kutaka ndiko alikokuwa akikufanya kwa wiki tatu.

Tangu lini, wapi, na kwa hasara gani

Ukiangalia orodha ya dalili bila kitu kingine, karibu kila mtu atajiona humo. Husahau vitu. Hupoteza vitu. Hurukia maneno ya mwenzake. Hachukui muda kusoma maelekezo. Nani hajawahi? Kwa hiyo orodha peke yake haisemi chochote. Kinachotenganisha ADHD na ubinadamu wa kawaida ni maswali matatu: haya yalianza lini, yanatokea wapi, na yamemgharimu mtu nini.

Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, toleo la mwaka 2013, umeweka dalili tisa za umakini na tisa za utukutu na pupa. Mtoto anatakiwa awe na angalau sita katika kundi mojawapo, aliyefikisha miaka 17 angalau tano, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. Lakini hapo bado. Baadhi ya dalili lazima ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, na ziwe zinaharibu maisha kweli. Shirika la Afya Duniani nalo, lilipoanza kutumia orodha yake mpya ya magonjwa Januari 2022, lilichukua jina hili hili la ADHD na kuachana na la zamani lililotaja utukutu tu.

Chukua swali la kwanza. Mtu aliyekuwa makini shuleni, makini kazini, kisha akifika miaka 35 akaanza kusahau kila kitu, atafute sababu nyingine: usingizi, sonona, msongo wa mawazo, tezi ya shingo, dawa anazotumia, au simu inayolia kila dakika. ADHD haiibuki ukubwani bila historia. Inaweza kuwa ilifunikwa na akili nyingi, au na mama aliyekuwa akimpangia mtoto kila kitu, lakini ukichimba utakuta nyayo zake utotoni.

Swali la pili huwasaidia sana wazazi. Mtoto akisumbua shuleni tu na nyumbani yuko sawa, shule ndiyo ichunguzwe kwanza. Je, anaona ubaoni? Anasikia? Kuna anayemwonea? Na akisumbua nyumbani tu, pengine kuna jambo la nyumbani ambalo watu wazima hawajalisema kwa sauti.

La tatu, la hasara, ndilo linaloachwa nje ya video nyingi. Kusahau funguo kunachekesha. Kufukuzwa kazi mara ya nne kwa kuchelewa hakuchekeshi, wala madeni yaliyotokana na kununua kwa pupa, wala ndoa ambayo mmoja amechoka kuwa mzazi wa mwenzake. Wenye ADHD wana hatari kubwa zaidi ya ajali, majeraha na kuacha masomo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya tabia na tatizo la kiafya.

Hakuna kipimo cha damu cha ADHD, wala picha ya ubongo inayoweza kumtambua mgonjwa mmoja mmoja. Picha nilizozitaja za mwaka 2007 zilionyesha tofauti ya wastani baina ya makundi, hazifai kumpima mtoto wako. Utambuzi ni kazi ya kuuliza na kulinganisha: mzazi anahojiwa, mwalimu anajaza fomu, ripoti za shule za zamani zinasomwa, macho na masikio yanapimwa, usingizi unaulizwa. Kwa watu wazima lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani ambalo sehemu yake ya kwanza ina maswali sita, lakini kazi yake ni kuonyesha nani achunguzwe zaidi; halitoi hukumu. Anayekupa jibu ndani ya dakika kumi, awe anasema unayo au huna, mimi ningemtilia shaka.

Na vinavyofanana na ADHD ni vingi. Ipo kifafa ya kuduwaa, ambapo mtoto anakatika ghafla katikati ya neno, macho yanaganda kwa sekunde chache, haitiki ukimwita, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu huiita kuota mchana. Yapo mafindofindo yaliyovimba hadi mtoto anakoroma na kukosa hewa usiku. Mtu mzima asipolala husinzia; mtoto asipolala vizuri mara nyingi hurukaruka, na hapo ndipo wengi hupotea. Wapo watoto waliopitia kipigo au vita, ambao miili yao iko macho muda wote ikisubiri hatari. Na jambo la kushangaza zaidi: tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani, waliozaliwa karibu na tarehe ya mwisho ya kuandikishwa, huambiwa wana ADHD mara nyingi kuliko wenzao wakubwa. Baadhi yao kosa lao ni kuwa na umri mdogo kwa miezi kumi na moja.

Wasiosumbua mtu

Utotoni wavulana hutambuliwa mara mbili hadi tatu zaidi ya wasichana. Ukubwani pengo hilo hupungua sana. Haiwezekani wanawake wawe wameipata wakiwa njiani. Walikuwa nayo, hakuna aliyewaona.

Mtazame msichana wa kiti cha karibu na dirisha. Daftari liko wazi, kalamu mkononi, macho ubaoni. Mwalimu anasema: fungueni ukurasa wa 42, fanyeni swali la 3 na la 5, onyesheni njia, mkimaliza leteni. Yeye ameshika 42. Anafungua, kisha anachungulia kwa jirani kuona ni swali lipi. Anapata la 3. Anaandika mstari mmoja, anaona herufi zimepinda, anafuta, anaandika tena, anafuta mpaka karatasi inatoboka. Anawaza jinsi ya kuficha tundu. Wenzake wameshaanza kupeleka. Anafunga daftari na kuliweka chini kabisa ya rundo. Hajampiga mtu, hajaondoka kitini, hajapiga kelele. Kwenye ripoti ataandikiwa: ana uwezo, aongeze bidii.

Akiongeza bidii miaka ishirini, anakuwa mwanamke mwenye orodha za kazi kila mahali, anayefika kazini saa nzima kabla kwa hofu ya kuchelewa, na anayelia bafuni kwa uchovu ambao hawezi kuueleza. Wengi wa aina hii hutibiwa kwanza wasiwasi au sonona. Matibabu hayo hayakosei, kwa kuwa wasiwasi na sonona huandamana sana na ADHD. Ila kilichoko chini yake hakijaguswa. Wanaume nao wapo wa namna hiyo. Kadiri mtu anavyokua, utukutu wa mwili hupungua na kuhamia ndani: miguu imetulia, kichwa ndicho kinachokimbia.

Maneno yanayozunguka

Kwamba ni ugonjwa mpya ulioletwa na simu. Daktari Alexander Crichton wa Uskoti aliandika juu ya watu wasioweza kushikilia jambo moja mwaka 1798, na George Still, daktari wa watoto jijini London, alihutubia madaktari wenzake kuhusu watoto wasiojizuia mwaka 1902. Simu inaweza kumzidishia mtu ugumu, na inaweza kumfanya asiye na ADHD afanane na mwenye nayo, lakini haikuileta.

Kwamba ni sukari. Hii ni imani yenye mizizi, hivyo tafiti zake zinafurahisha. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwaambia baadhi ya kina mama kwamba wana wao wamepewa kinywaji chenye sukari nyingi. Ukweli ni kwamba watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Kina mama walioamini habari ya sukari waliwaona watoto wao watukutu zaidi, wakawa wanawaganda na kuwakosoa zaidi. Kilichobadilika ni jicho la mama. Mwaka mmoja baadaye uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja ulikuta sukari haibadilishi tabia za watoto. Zipo sababu nzuri za kumpunguzia mtoto sukari, meno yakiwa ya kwanza, lakini hii si mojawapo.

Kwamba ni malezi. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu robo tatu ya tofauti zilizopo kati ya mtu na mtu katika dalili hizi inatokana na urithi. Kuzaliwa kabla ya wakati, uzito mdogo sana wakati wa kuzaliwa, sumu ya madini ya risasi na majeraha makubwa ya kichwa vinahusishwa nayo pia. Malezi hayaizai ADHD, ila yanaamua sana itakavyokwenda. Mtoto anayechapwa kila siku kwa kusahau haachi kusahau, anaanza kudanganya. Kanuni anaijua, hata anaweza kukutajia neno kwa neno. Inamponyoka pale pale inapohitajika.

Kuhusu dawa

Sehemu hii ndiyo yenye hofu nyingi, na si bure. Dawa inayotumika zaidi, methylphenidate, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944 na iko katika kundi la vichangamshi, dawa zinazodhibitiwa na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971. Mzazi akisikia mtoto asiyetulia anapewa kichangamshi anadhani daktari kachanganyikiwa. Lakini kinachochangamshwa ni nyapara. Dopamini na noradrenalini zikipatikana zaidi kule mbele ya ubongo, kazi zinapangika na mwili unatulia. Daktari Charles Bradley aliliona hilo kwa mshangao mwaka 1937, alipowapa watoto wa kituo chake huko Rhode Island dawa ya jamii hiyo na baadhi yao wakaanza kufanya vizuri darasani.

Methylphenidate huanza kufanya kazi ndani ya saa moja hivi na kuisha siku ile ile. Haiponyi. Hupunguza hamu ya kula, huweza kuchelewesha usingizi, hupandisha kidogo mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na huweza kupunguza kidogo kasi ya kurefuka. Kwa hiyo uzito, urefu na moyo hupimwa mara kwa mara. Ikitumika kama ilivyoandikwa, tafiti hazikuonyesha kwamba inamwongezea mtoto uwezekano wa kuja kuwa mraibu. Ikigawiwa marafiki wakati wa mitihani, hiyo ni habari nyingine, na ni hatari. Zipo pia zisizo vichangamshi, mojawapo atomoxetine, ambayo huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi. Kwa watoto walio chini ya miaka 6 kwa kawaida huanza mafunzo kwa wazazi kabla ya kidonge chochote.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliohusisha watoto 579 kwa miezi 14, ulikuta dawa zilizosimamiwa kwa ukaribu zinapunguza dalili kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Wanaopenda dawa huishia hapo. Watoto hao hao walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imeyeyuka. Mimi nauelewa hivi: dawa humfungulia mtu mlango, lakini atakachokifanya baada ya kuingia kinahitaji kufundishwa, na usimamizi ukilegea faida yake inalegea.

Mwaka 2016 wadukuzi walianika kumbukumbu za kitabibu za mwanamichezo wa jimnastiki wa Marekani Simone Biles, wakitaka aonekane ametumia dawa haramu. Alijibu waziwazi kwamba ana ADHD na ametumia dawa yake tangu utotoni, hana la kuonea haya. Alikuwa na kibali, na alikuwa ametoka kwenye Olimpiki ya Rio na medali nne za dhahabu.

Kuishi nayo

Kanuni moja inasaidia kuliko nyingine: usikiachie kichwa kazi ya kukumbuka. Kitoe nje, ukiweke machoni. Karatasi mlangoni ni bora kuliko azimio. Saa ya mshale inayoonekana ni bora kuliko kujiambia "dakika tano tu", kwa sababu wengi wenye ADHD wanajua nyakati mbili, sasa na siyo sasa. Kazi kubwa ikatwe vipande ambavyo kila kimoja kina mwisho wake. Mtoto apewe agizo moja, amalize, ndipo apewe la pili. Akae mbele, mbali na mlango. Na sifa imfikie pale pale alipofanya vizuri, maana zawadi ya mwisho wa mwezi kwake haipo. Watu wazima wengi husimulia kwamba kazi inaanzika mtu mwingine akiwa amekaa tu chumbani na shughuli zake. Haigharimu kitu, ijaribuni.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni mzazi mwenyewe. Kwa kuwa ADHD hurithiwa sana, wazazi wengi huitambua ya kwao wakiwa wamekaa kwa daktari wakijibu maswali ya mtoto: hivi si mimi huyu? Kisha wanaondoka na mpango wa matibabu unaodai ratiba ile ile kila siku, dawa saa ile ile, subira ile ile, fomu za mwalimu zirudi Ijumaa. Yaani mambo yote ambayo ADHD huyavuruga. Mafunzo ya malezi hufanya kazi kwa shida pale mzazi naye ana dalili kali zisizotibiwa, halafu lawama humwangukia yeye kwamba hajali. Mtoto akishapata jibu, mzazi aliyejiona katika maswali yale aseme papo hapo, kabla hawajatoka chumbani, ili naye apangiwe siku ya kuchunguzwa.